Salalah kwa Upande wa Bahari

Mwenye kwenda Salalah mwezi wa Julai huwa anakwenda kutazama majani. Waomani kutoka Maskat na Nizwa, Wasaudia, Wakuwaiti, watu wa Imarati, wote wanakimbia joto la digrii arobaini na zaidi huko kwao. Wanakuja na watoto, majiko na mazulia, wanatandika kwenye nyasi na kuomba manyunyu yasikatike. Msimu huo wanauita kharifu, nao unaanza kwenye tarehe 21 Juni na kwisha kama hizo hizo za Septemba. Picha zinazotoka huko kila mwaka hazibadiliki: ngamia ndani ya ukungu, maporomoko ya Wadi Darbat, mtoto anakimbia kwenye kilima cha kijani. Mimi nilikwenda kwa ajili ya bahari. Kile kijani chote kinatokana na bahari, na katika picha nyingi nilizokuwa nimeziona bahari yenyewe haimo.

Kusi, upepo unaoanzisha yote hayo, sisi wa Unguja tunalijua tangu utotoni. Linashika nguvu Juni na Julai, ngalawa za Makunduchi zinakaa juu, bei ya samaki inapanda Darajani. Likishatupita linavuka ikweta, linajipinda kulia, linapita kwa kasi sambamba na pwani ya Somalia, kisha linaikata Bahari ya Arabu kuelekea Bara Hindi. John Findlater, mtaalamu wa hali ya hewa, aliueleza mkondo huo wa upepo katika utafiti wake wa mwaka 1969, na mpaka leo wenzake wanauita kwa jina lake.

Mbele ya Dhofar, mkoa wa Salalah kusini mwa Omani, upepo huo unayasukuma maji ya juu yaondoke pwani, na nafasi yao inachukuliwa na maji ya baridi yanayopanda kutoka chini. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo inapoa na kuwa wingu zito la chini. Wingu likisukumwa bara linagonga milima: Jabal al-Qamar upande wa magharibi, Jabal Qara katikati, Jabal Samhan mashariki. Juu yake kuna hewa kavu ya moto kutoka jangwani, inalifunika lisipate pa kupandia. Basi linakaa pale pale wiki baada ya wiki, linanyunyiza, na miti inakinga matone kwa majani yake. Mvua yenyewe ni rasharasha tu. Kinachoinywesha milima ile ni ukungu.

Nilitaka picha yenye vyote vitatu ndani ya fremu moja: wimbi, wingu, na mlima wa kijani. Ukisikia unaweza kudhani ni kazi ya asubuhi moja. Ugumu wake ni kwamba ukungu, ambao ndio kiini cha habari, ndio huo huo unaoifunika habari.

Kutoka Maskat tulikwenda kwa gari, mimi na mtoto wa ami yangu, ambaye kanizidi umri kwa hiyo namwita kaka. Ni kilomita elfu moja hivi. Ukishapita Nizwa na Adam, nchi imelala bapa na barabara imenyooka. Unafika Haima, unanunua chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi, unarudi barabarani. Sina zaidi la kusema juu ya sehemu hiyo. Thumrait bado ni jangwa, na kipimajoto cha gari kilisoma 41. Mbele kidogo, kwenye ukingo wa Jabal Qara, tuliona weupe umejilaza kati ya barabara na mbingu. Kaka akawasha taa, akapunguza mwendo. Tulipoingia ndani yake namba zikaanza kuporomoka: 36, 31, 27. Kioo cha mbele kikapata ukungu kwa nje, kwa sababu ya kiyoyozi. Pembeni mwa barabara, mahali palipokuwa mawe matupu, pakawa na nyasi.

Kwa wenye kamera, hapo pana jambo la kujua. Kamera iliyokaa kwenye baridi ya kiyoyozi ikitolewa ghafla katika unyevu ule, lenzi inapata umande, na kufuta hakusaidii kitu mpaka chombo chenyewe kipate joto la nje. Mabegi yangu yalisafiri kwenye buti.

Mjini Salalah, Mzanzibari hahitaji kuonyeshwa kitu. Barabarani kuna vibanda vya madafu, mikungu ya ndizi imening'inizwa, mapapai yamepangwa, na nyuma ya vibanda ni minazi. Jioni ni moshi wa mishikaki. Kaka alikuwa ameshafika anapopataka. "Sasa wewe nenda na bahari yako," aliniambia, "mimi unikute hapa." Lakini ufunguo wa gari alikuwa nao yeye, na asubuhi alinipeleka Mughsail kwa ukarimu na kwa malalamiko.

Mughsail iko kilomita arobaini hivi magharibi ya mji. Ni ufukwe mrefu mweupe, na mwisho wake kuna jabali la chokaa lenye pango wanaloliita Marnif. Ukipita chini ya pango unatokea kwenye sakafu ya mwamba iliyotoboka matundu. Wimbi linapojipenyeza kwenye uvungu chini ya mwamba linaibana hewa. Hewa ikikosa pa kwenda inafumkia juu kupitia tundu, na maji yanafuata nyuma yake. Matundu yamezibwa kwa nondo zilizosukwa ili mtu asitumbukie. Nilisimama karibu na moja. Kwanza unasikia mkoromo chini ya nyayo. Kisha upepo wa baridi unatoka kwenye nondo na kuinua mabuibui na shuka za watu. Kisha kimya, kifupi sana, wale wageni wa mahali hapo wanadhani yamekwisha na kuinama kuchungulia. Ndipo maji yanapotoka, yanapita urefu wa nguzo ya umeme, na kurudi chini kama ndoo iliyomwagwa kutoka ghorofani.

Nilipiga yowe la "Mama wee!" kabla sijajua nimelipiga.

"Huyu wetu huyu!" alisema bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kukunja, amezungukwa na wajukuu waliokuwa wakisema Kiarabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na zana zote hizo?"

"Unguja, bibi. Nimekuja kupiga picha za kusi."

"Kusi!" Alicheka mpaka akajifuta macho. "Sisi Wete kusi likituingilia mama alikuwa anatupikia mchicha mpaka tunauchukia. Na wewe unakata tikiti kulifuata?"

Nikamwomba nimpige picha pale alipo, na povu nyuma yake. Akakataa. "Mimi usinitie. Piga hiyo bahari, ndiyo uliyoilipia nauli."

Basi nikaipiga. Siku ya kwanza mahali kama hapo kamera ikae begini kwa muda mrefu kuliko unavyopenda. Mawimbi ya Mughsail yanatoka mbali, yamesafiri bahari wazi kutoka upande wa Somalia, na mbele ya ufukwe hakuna ukuta wa matumbawe wa kuyavunja kama ule wa mashariki mwa Unguja. Yanakuja kwa makundi. Manne au matano ya kawaida, unaanza kuzoea, unasogea, halafu linakuja kundi la mengine yenye ukubwa mwingine kabisa. Ajabu ni kwamba upepo wenyewe pale ufukweni si mkali sana. Umefanya kazi yake huko nje, unaleta matokeo tu. Mtu anayepima hatari kwa upepo usoni mwake anapima kitu sicho.

Ndiyo sababu kuna uzio kwenye ukingo wa mwamba. Julai 2022 kundi la wageni liliuvuka hapo Mughsail ili kupiga picha, wimbi likawazoa watu wanane, watoto wakiwemo. Waliookolewa siku hiyo walikuwa watatu. Video yake ilizunguka dunia nzima, na tangu hapo mamlaka zimeongeza vizuizi na walinzi. Nilimwona kijana akiinua mguu kuvuka akiwa na simu mkononi, na askari akampigia filimbi kabla mguu haujatua upande wa pili. Nimepiga picha zangu zote za Mughsail nikiwa ndani ya uzio, na hakuna hata moja ambayo ingekuwa bora kwa kusogea mita kumi mbele.

Kuna mtindo umewashika wapiga picha wa pwani kila mahali. Unafunga filta nyeusi mbele ya lenzi, unaacha shata wazi nusu dakika au zaidi, na bahari inalala, inakuwa laini, miamba inaelea katika weupe. Hoteli wanazipenda picha hizo. Kwa maji matulivu ya alfajiri sina ugomvi nazo, lakini kwa bahari ya kusi naziona ni kuwadanganya watazamaji. Nusu dakika pale Mughsail ni mawimbi matatu au zaidi, na yote yanafutana. Kasi ya sehemu moja kwa elfu ya sekunde nayo ina kasoro yake: kila tone linaganda hewani kama kioo, na macho ya mtu hayajapata kuona maji ya namna hiyo. Kilichonifaa ni robo ya sekunde, wakati mwingine moja ya nane, kamera ikiwa juu ya tripodi iliyoning'inizwa begi zito ili isitikisike. Kwa kasi hiyo povu linaacha mistari, na mistari inaonyesha maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Nguvu ya wimbi iko kwenye mwelekeo wake.

Halafu picha ya bahari iliyochafuka inataka kipimo. Wimbi peke yake kwenye picha halina ukubwa. Linaweza kuwa la mita nne au la karai. Shakwe wanasaidia, mtu aliyesimama mbali salama anasaidia zaidi. Picha yangu ninayoipenda ya siku ile ina mlinzi mwenye koti la mvua la njano, mgongo kwetu, filimbi mdomoni.

Chumvi ni vita nyingine. Rasharasha ya mawimbi inafika hadi kwenye maegesho ya magari, na lenzi inatapakaa ndani ya dakika moja. Usiifute ikiwa kavu: chembe za chumvi zinakwaruza kioo. Nilikuwa na chupa ndogo ya maji safi na rundo la vitambaa mfukoni, nikisuuza kwanza, nikifuta, nikigeuza lenzi kutazama nchi kavu mpaka kundi la mawimbi lijalo likaribie.

Picha niliyoitaka haikupatikana. Upande wa magharibi, ambako milima inaingia baharini, ulikuwa umefungwa kabisa. Tukaamua kuelekea mashariki kusubiri.

Upande huo nchi inatanda zaidi na bahari iko mbali kidogo na milima, kwa hiyo kwa picha yangu haukufaa. Kwa mtu wa pwani yetu, hata hivyo, umejaa. Magofu ya al-Baleed yako hapo hapo mjini Salalah, nayo ndiyo Zafar aliyofikia Ibn Battuta katika karne ya 14, akitokea moja kwa moja Kilwa. Aliandika kwamba mifugo ya hapo inalishwa dagaa, na kwamba farasi wanapakiwa kupelekwa India. Mbele ya Taqah kuna hori la Khor Rori, na juu yake magofu ya Sumhuram, bandari ya ufalme wa Hadhramaut iliyosafirisha ubani. Mahali pote hapo pawili, pamoja na miti ya ubani ya Wadi Dawkah, pamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Nilisimama Sumhuram nikitazama mdomo wa hori kati ya majabali mawili. Mchanga umeuziba, na upande wa pili wa mchanga mawimbi yalikuwa yanaanguka kwa mfuatano usiokwisha. Hakuna nahodha mwenye akili ambaye angeleta chombo pale mwezi huo.

Na hawakuleta. Majahazi yalikuwa yanaondoka kwetu kusi linapoanza, Aprili hivi, au yanasubiri lilegee Agosti ikielekea kwisha. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyekuwa pia mpiga picha hodari, alisafiri mwaka 1938 na 1939 ndani ya jahazi la Kikuwaiti, Bayan, mpaka Unguja na Rufiji kuchukua boriti za mikoko. Kabla ya kusi kukomaa walikuwa wameshafika Kuwait. Picha zake ni hazina, lakini bahari ya Julai haingeweza kuwemo. Ni bahari ambayo watu wetu waliijua kwa kuikwepa.

Mirbat, mji wa wavuvi upande huo huo wa mashariki, bado wanaikwepa. Boti za faiba zilikuwa zimevutwa juu, zimefunikwa maturubai, injini zimetolewa. Wavuvi walikaa kivulini, ingawa jua halikuwepo, wakishona nyavu. Kaka aliwauliza kwa Kiarabu lini watatoka. Mzee mmoja akanyoosha kidole baharini na kurudi kwenye wavu wake. Maji yale yale ya baridi yanayowafungia njia ndiyo yanayowalisha: yanapanda na rutuba ya chini, samaki wanazaana, na kwenye miamba wanakua abaloni ambao msimu wao wa kuchumwa, bahari ikishatulia, ni wa siku chache tu na una fedha nyingi.

Nje ya mji kuna kaburi lenye kuba mbili nyeupe, la Muhammad bin Ali, Sahib Mirbat, aliyefariki mwaka 1161. Masharifu wa Kibaalawi wanahesabu nasaba zao kupitia kwake, wakiwemo wale wa Lamu na Ngazija. Habib Swaleh wa msikiti wa Riyadha huko Lamu ni wa ukoo huo. Kaka alisoma Fatiha. Mimi niliomba na mawingu yapande kidogo, sijui kama inafaa.

Tuliporudi magharibi tulianzia juu. Barabara inayopita Mughsail kuelekea mpaka wa Yemen inapanda mlima kwa kona za kufuatana, na juu yake kuna mahali paitwapo Shaat ambapo mlima umekatika ghafla, na bahari iko mamia ya mita chini. Kila mpiga picha anakwenda Shaat. Tulichokiona ni uzio, majani yenye maji, na weupe. Bahari tuliisikia. Kaka alitoa kiti, akawasha jiko la chai, akaniambia nimwamshe nchi ikirudi.

Nilikaa pale nikaelewa kwa nini picha yangu haipatikani huko. Shaat katika kharifu imo ndani ya wingu lenyewe. Kusubiri lipite ni kusubiri Septemba. Lakini wingu lina sakafu, na chini ya sakafu hiyo hewa iko wazi. Tukipiga hesabu ya mahali ukungu ulipoanza wakati tunapanda, sakafu ilikuwa chini sana, karibu na miguu ya mlima. Nikamwamsha kaka. "Tunashuka," nikamwambia. "Alhamdulillahi," akasema, akidhani tunarudi Salalah.

Tulishukia Fazayah. Njia yake inaachana na barabara kuu na kuteremka kwa ukali kuelekea baharini, ngamia wamesimama katikati yake bila haraka. Katikati ya mteremko kioo kikakauka. Tukawa chini ya dari. Mbele yetu pwani ilijipanga rasi baada ya rasi kuelekea Yemen, kila rasi nyeusi kwa chini na kijani kwa juu, na yote ikakatwa kwa mstari mmoja wa wingu ulionyooka kama umepigwa rula. Mawimbi yalikuwa yanavunjika kwenye miguu ya milima. Rasharasha yake ilikuwa inapanda, nyembamba, na mahali pengine huwezi kusema mwisho wa povu ni wapi na mwanzo wa ukungu ni wapi.

Hapakuwa na jua kuchwa wala rangi za jioni. Katika msimu huo hazipo, na anayezifuata hizo asijisumbue. Mwanga ulikuwa wa kijivu, sawa kila upande, na ndio uliofaa, maana kijani kile kikipigwa na jua kali kinapauka. Niliweka kamera chini karibu na usawa wa mchanga, mbali na maji, lenzi ndefu badala ya ile pana. Lenzi pana inaisukuma milima nyuma na kuifanya vilima. Ndefu inazikusanya rasi pamoja, wimbi linasimama mbele ya mlima wake na wingu juu ya kichwa. Robo ya sekunde, suuza, futa, geuza, subiri kundi lijalo. Ngamia mmoja aliingia kwenye fremu kwa kushoto na kukaa hapo. Nikamwacha, kipimo ni kipimo.

Kaka alizitazama kwenye kioo cha kamera. "Kumbe ni kitu kimoja," alisema, akionyesha kwa kidole kutoka majini hadi kwenye majani. Akapiga yake kwa simu, akaituma kwenye kundi la familia, na mpaka tunafika Salalah ilikuwa imepata pongezi ambazo zangu hazijapata.

Anayefikiria kwenda ajipange hivi. Wimbi kubwa ni la Julai. Milima inafunguka Septemba mwanzoni, lakini kufikia hapo bahari imeanza kupoa hasira. Ukitaka vyote, lenga wiki za mwisho za Agosti, ukae chini ya wingu, Fazayah kuliko Shaat. Gari liwe lenye nguvu ya kupanda. Vyumba vya Salalah msimu huo vinajaa na bei zake zinapaa, kwa hiyo weka nafasi mapema. Beba chupa ya maji safi kwa ajili ya lenzi na vitambaa zaidi ya unavyodhani utahitaji. Na ule uzio wa Mughsail usiuvuke, hata kama bahari imetulia na askari yuko mbali.